Maisha ya usiku katika Nyanda za Juu za Kusini

Maisha ya usiku ni jina la pamoja la burudani, mikusanyiko na biashara zinazofanyika tangu jua linapozama hadi alfajiri. Ndani yake huingia ngoma, dansi, disko, baa, vilabu vya pombe za kienyeji, vibanda vya video na mpira, vyakula vya barabarani na hata mikesha ya ibada. Makala hii inahusu maana na asili ya maisha ya usiku katika mikoa ya Mbeya na Iringa, iliyoko Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania.

Mara nyingi husemwa kwamba maisha ya usiku yaliletwa na umeme na baa. Historia ya mikoa hii haikubaliani na kauli hiyo. Watu wa Nyanda za Juu walikuwa na burudani za usiku kabla ya miji kujengwa. Kilichobadilika baadaye ni mwanga, ni muda wa mapumziko, na hasa ni nani anayeruhusiwa kuwa nje usiku na nani anayefanya kazi wakati wenzake wanastarehe.

Jina na maana

Katika mazungumzo ya kila siku, watu wengi hawasemi "maisha ya usiku". Husema "starehe", na vijana husema "kwenda viwanja", "kujirusha" au "kula bata". Maneno mengine ya eneo hili la maisha yana historia yake.

Neno "burudani" lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno "baridi". Kuburudika ni kupoa baada ya joto. Kwa mtu wa pwani maana hiyo iko wazi, kwani jioni huleta upepo baada ya jua kali la mchana. Mbeya na Iringa hali ni kinyume. Mji wa Mbeya uko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa takriban mita 1,600. Katika miezi ya Juni na Julai halijoto ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hapa mtu atokaye usiku hutafuta joto la moto, la umati wa watu au la kinywaji. Ndiyo maana jiko la mkaa la mchoma nyama na koti zito ni sehemu ya picha ya usiku wa Mbeya, tofauti na usiku wa Dar es Salaam.

Maneno "dansi", "baa" na "disko" yaliingia kutoka Kiingereza. "Kilabu" nalo lilitoka huko huko, lakini Kiswahili kililipokea kama neno la ngeli ya ki-vi, wingi wake ukawa "vilabu". Nchini Tanzania kilabu humaanisha mara nyingi mahali pa kunywea pombe za kienyeji, ilhali "klabu" hutumika zaidi kwa timu za mpira na kumbi za disko.

Hesabu ya saa za Kiswahili pia ina umuhimu. Saa 1 usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuzama, na kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku mpya huanza jioni. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Ili kuondoa utata watu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Katika hesabu hii jioni si mkia wa siku bali ni mwanzo wake.

Masharti ya maisha ya usiku

Popote duniani burudani za usiku zimehitaji mambo matatu: mwanga, muda wa mapumziko, na ruhusa ya kuwa nje.

Mwanga ndio unaotajwa zaidi. Paris iliwekewa taa za mitaani mwaka 1667, chini ya Mfalme Louis XIV. London iliona taa za gesi katika mtaa wa Pall Mall mwaka 1807. Mwaka 1879 Thomas Edison alionyesha balbu ya umeme iliyoweza kuwaka kwa muda mrefu. Kila hatua ilirefusha saa ambazo watu wa mjini waliweza kukaa nje bila hofu. Hata hivyo mwanga peke yake hautoshi. Nyumba za kahawa za Istanbul zilijaa watu usiku tangu karne ya 16, kabla ya taa hizo zote, kwa sababu watu walikuwa na muda na walikuwa na hamu ya kuzungumza. Watawala nao walijaribu mara kadhaa kuzifunga kwa kuhofia mazungumzo hayo.

Muda wa mapumziko hutegemea aina ya kazi. Mkulima hupumzika zaidi baada ya mavuno, mfanyakazi wa mshahara hupumzika mwisho wa wiki na hutumia fedha zaidi mwisho wa mwezi. Ruhusa hutegemea wazazi, viongozi, dini na sheria. Historia ya Mbeya na Iringa inaeleweka vizuri zaidi ikiangaliwa kwa masharti haya matatu.

Tropiki zina tofauti moja na Ulaya. Katika Mbeya na Iringa jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:15 usiku mwaka mzima. Hakuna jioni ndefu za majira ya joto. Giza hufika karibu wakati ule ule kila siku, na suala la mwanga ni la kila mwezi.

Kabla ya miji

Kabla ya ukoloni mwanga wa usiku ulikuwa wa aina mbili, moto na mwezi. Kando ya moto wazee walisimulia hadithi, vitendawili vilitegwa, na watoto walijifunza historia ya ukoo. Usiku wa mbalamwezi ulifaa kwa ngoma, kwa kuwa watu waliweza kutembea kutoka kijiji hadi kijiji na kuonana nyuso. Ngoma nyingi zilifuata pia msimu wa mavuno, kipindi ambacho chakula na nafaka ya pombe vilikuwapo.

Mfano ulioandikwa kwa kina ni wa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson walifanya utafiti kwao katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu Good Company. Alieleza vijiji vya rika: wavulana wa umri wa takriban miaka 10 hadi 12 waliondoka kulala nyumbani kwa wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni, na baadaye makundi hayo yakawa vijiji kamili vya wanaume wa rika moja na familia zao. Sababu mojawapo ilihusu usiku wenyewe. Haikuwa heshima kwa mvulana anayekua kulala karibu na wazazi na kusikia mambo yao ya faragha.

Wanyakyusa walikuwa na neno "ukwangala", yaani kukaa pamoja kwa raha na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza. Kwao halikuwa jambo la anasa tu. Mtu aliyekula peke yake, au aliyejitenga na wenzake, alitiliwa shaka. Ukarimu, busara na adabu vilijifunzwa katika kukaa huko na watu wa rika lake. Kwa maelezo hayo, burudani ya jioni ilikuwa shule na pia njia ya kupima tabia ya mtu.

Lakini ushirika huo ulikuwa na mipaka. Wilson alionyesha kwamba ukwangala ulihusu wanaume zaidi. Wanawake walipika chakula na pombe vilivyowezesha mikusanyiko, na walihudhuria ngoma na sherehe, lakini hawakuwa na vijiji vya rika vyao wenyewe. Suala la nani anaandaa na nani anastarehe lilikuwapo tangu wakati huo.

Pombe za kienyeji na vilabu

Vinywaji vya jioni vya Nyanda za Juu hutokana na mimea ya huko huko.

Ulanzi ni kinywaji cha Iringa na Njombe kinachogemwa kutoka kwenye mianzi. Chipukizi changa hukatwa ncha wakati wa mvua, na utomvu wake hukingwa kwenye chombo. Mgemaji hurudi kila siku kukata tena na kukusanya. Ulanzi mpya ni mtamu na huitwa togwa. Ukikaa huchacha wenyewe, na ule mkali huitwa mkangafu. Msimu wake huanza na mvua za mwisho wa mwaka na kuendelea hadi karibu mwezi wa Mei, hivyo hata starehe ya kilabu hubadilika kwa majira.

Kimpumu ni pombe ya ulezi ya upande wa Mbeya. Huwekwa katika chombo kimoja, huongezwa maji ya moto, na wanywaji hukaa kuizunguka wakinywa kwa mirija. Katika baridi ya Rungwe na Mbeya kinywaji cha moto kinachonywewa kwa pamoja kina faida iliyo wazi. Komoni hutengenezwa kwa mahindi na kimea cha ulezi, na hupatikana katika mikoa yote miwili.

Pombe hizi zilipoanza kuuzwa kwa fedha, kilabu kilizaliwa. Kazi ya kupika ilikuwa ya wanawake, na mapato yake yaliwawezesha wengi kulipa ada za shule, hasa wajane na wanawake walioishi bila waume mijini. Ulanzi ulikuwa tofauti kidogo, kwani kugema ni kazi ya wanaume mara nyingi, ingawa wauzaji wengi kilabuni ni wanawake.

Wakati wa ukoloni

Mji wa Iringa ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani baada ya ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga kutekwa Oktoba 1894. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 chini ya Waingereza, katika kipindi ambacho dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilikuwa ikivuta watu. Kambi za machimbo za miaka ya 1930 zilikuwa na vijana wengi wenye mshahara, waliokuwa mbali na wazazi na machifu wao. Hapo muda wa mapumziko ukaanza kupimwa kwa siku ya malipo badala ya msimu wa mavuno.

Aina mpya za ngoma zilikuwa tayari zimefika. Beni, ngoma iliyoiga bendi na gwaride la kijeshi, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Vita ya Kwanza ya Dunia iliisambaza bara kupitia askari na wapagazi, na mapigano ya miaka 1916 hadi 1918 yalipita katika Nyanda za Juu zenyewe. Kando ya Ziwa Nyasa ilizaa ngoma ya mganda, inayochezwa kwa mistari iliyonyooka, mavazi nadhifu na vyeo vya kuiga jeshi. Beni na mganda vilikuwa na viongozi, ada na mashindano, hivyo vilifanana na chama kuliko ngoma ya ukoo.

Wanaume wengi wa Rungwe walikwenda pia kufanya kazi migodini katika Copperbelt, leo nchini Zambia, na Afrika Kusini. Huko waliona kumbi za dansi za mijini, na waliporudi walileta mitindo ya mavazi na muziki waliyoizoea.

Serikali ya kikoloni iliugawa usiku kwa misingi ya rangi. Wazungu walikuwa na klabu na hoteli zao, na Wahindi walikuwa na kumbi zao za jumuiya. Kwa Waafrika, ngoma mjini ilihitaji kibali, na pombe za kienyeji ziliruhusiwa kuuzwa mahali palipopewa leseni. Mwafrika alizuiwa kisheria kunywa vileo vikali vya kizungu, na vizuizi vya namna hiyo vililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Kwa sababu hiyo, kukaa baa na kunywa bia ya chupa kulionekana na wengi wakati wa uhuru kuwa alama ya kuwa raia kamili.

Wamisionari nao walikuwa na neno. Wamoravia na Walutheri wa Misheni ya Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Walipinga pombe na ngoma nyingi kwa waumini wao, wakaanzisha mazoezi ya kwaya na ibada za jioni. Hivyo usiku wa Nyanda za Juu ukawa na njia mbili, ya ngoma na ya wimbo wa kanisani, ingawa watu wengi walipita katika zote mbili.

Dansi baada ya uhuru

Muziki wa dansi ulikuwa umekua Dar es Salaam tangu miaka ya 1930, ukichanganya gitaa, ngoma na mapigo ya rumba. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 bendi nyingi zilimilikiwa na vyama vya wafanyakazi, jeshi, polisi na mashirika ya umma. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ni mfano maarufu. Taasisi ilinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara, nayo bendi ilitangaza jina lake na kuburudisha wafanyakazi. Bendi zilisafiri mikoani, na kwa watu wa Mbeya na Iringa sauti zilizosikika Radio Tanzania zikaonekana jukwaani.

Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa katika miaka ya 1980: Tancut Almasi Orchestra. Ilimilikiwa na kiwanda cha kukata almasi cha Tancut kilichokuwa mjini humo. Waimbaji wake walikuwa pamoja na ndugu mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na bendi ilijulikana nchi nzima kupitia redio. Mfano huu unaonyesha jinsi maisha ya usiku yalivyotegemea uchumi wa mchana: kiwanda cha umma kililipa mishahara ya wacheza dansi na ya wapiga dansi kwa pamoja. Mashirika ya umma yalipodhoofika na kubinafsishwa miaka ya 1990, bendi nyingi za aina hiyo zilikosa mwenye nyumba.

Dansi la wakati huo lilikuwa na adabu zake. Wanaume walivaa suti au shati lililopigwa pasi, wanandoa walikaa mezani, na bendi ilipiga kwanza sehemu ya polepole ya kucheza wawili wawili kabla ya kupandisha mwendo. Watu wa rika mbalimbali walikutana katika ukumbi mmoja. Hilo limepungua tangu disko lilipotenga vijana.

Barabara kuu, reli na umeme

Mambo matatu yalibadilisha usiku wa mikoa hii katika nusu ya pili ya karne ya 20.

La kwanza ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, iliyotiwa lami kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Malori ya mizigo yalihitaji mahali pa kulala. Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako, Uyole na Tunduma zikawa na nyumba za wageni, migahawa na baa zilizokaa macho kwa ajili ya madereva.

La pili ni reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Haipiti mjini Iringa, lakini hupita Makambako na Mbeya, na treni zake zilileta wasafiri na wafanyakazi wa mshahara.

La tatu ni umeme. Miji hii ilitegemea kwanza mitambo ya dizeli. Katikati ya miaka ya 1980 laini kubwa ya gridi ya taifa kutoka Kidatu ilifika Mbeya kupitia Iringa na Mufindi. Baa ziliweza kuweka majokofu na vyombo vya muziki vyenye nguvu. Utegemezi huo ulionekana wazi mwaka 2006, wakati ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na mgao wa umeme ukaikumba nchi. Jenereta likawa kifaa cha lazima kwa ukumbi wowote.

Jambo jingine lililogusa usiku wa barabara kuu ni marufuku ya mabasi ya abiria kusafiri usiku, iliyodumu kwa miaka mingi kwa sababu za usalama. Ilipoondolewa mwaka 2023, vituo vya mabasi vilipata upya wauza chai, mayai na mkate wa saa nane za usiku.

Disko, video na muziki wa kizazi kipya

Disko lilifika mijini katika miaka ya 1970 na 1980. Lilihitaji mtu mmoja mwenye sahani za santuri au kanda badala ya wanamuziki kumi, hivyo lilikuwa rahisi kwa mwenye ukumbi. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, na baada ya hapo vilienea vibanda vya kuonyesha video na mpira, ambavyo vijana huviita "vibanda umiza" kwa sababu ya kubanana kwake. Mechi za Ulaya huchezwa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa kijana asiye na fedha za baa, kiingilio kidogo cha kibanda ndicho maisha yake ya usiku.

Bongo fleva, iliyokua tangu miaka ya 1990, ilileta matamasha makubwa ya viwanjani. Viwanja vya Sokoine mjini Mbeya na Samora mjini Iringa vimepokea misafara ya muziki kutoka Dar es Salaam, likiwemo tamasha la Fiesta. Nyanda za Juu zimetoa pia wasanii wao. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alipata tuzo ya BET nchini Marekani mwaka 2017.

Wanafunzi wa vyuo ni kundi jipya la watu wa usiku. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya vimeleta maelfu ya vijana wanaoishi mbali na wazazi, kama ilivyokuwa kwa wachimbaji wa Lupa.

Mikesha ya ibada

Si kila anayekesha anakunywa. Mbeya na Iringa ni mikoa yenye makanisa mengi, na mikesha ya maombi ya Ijumaa, Pasaka na Mwaka Mpya hukusanya watu usiku kucha kwa nyimbo, mahubiri na ushuhuda. Waislamu nao hukesha katika mwezi wa Ramadhani kwa sala za tarawehe, na katika maulidi. Kwa wanawake na wasichana wengi, mkesha na kwaya ni nafasi ya kuwa nje usiku bila kulaumiwa. Chakula hugawanywa na urafiki hujengwa, hivyo kwa maana pana mikesha ni sehemu ya maisha ya usiku.

Wanaofanya kazi usiku

Starehe ya usiku ni kazi ya mtu mwingine. Wahudumu wa baa, wachoma nyama, wauza chipsi, walinzi, madereva wa bodaboda na bajaji, na mama wanaopika supu ya asubuhi wote huishi kwa saa ambazo wengine hulala.

Wahudumu wa baa, ambao wengi ni wanawake vijana, wamebeba mzigo mkubwa zaidi. Mshahara wao mara nyingi ni mdogo, na wengi hutegemea bakshishi za wateja. Utegemezi huo huwaweka katika hatari ya kushikwa-shikwa, kutukanwa na kushawishiwa kufanya ngono. Mwaka 2000 utafiti wa kitabibu ulianza kufuatilia wanawake wapatao 600 waliofanya kazi katika baa za mkoa wa Mbeya, na takriban asilimia 68 kati yao walikuwa tayari na virusi vya UKIMWI. Katika uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2007 hadi 2008, mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote: asilimia 15.7 ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Mbeya ilikuwa na asilimia 9.2.

Takwimu hizo zilisababisha wahudumu wengi kunyoshewa kidole kana kwamba wao ndio chanzo cha ugonjwa. Kwa kweli walikuwa kundi lililoambukizwa zaidi, mahali ambapo barabara kuu, mshahara mdogo na wateja wenye fedha vilikutana. Mipango ya baadaye ya upimaji, matibabu na kondomu katika baa na nyumba za wageni ilianza kuwahesabu kama wafanyakazi wanaostahili kulindwa, na dawa za kufubaza virusi zimebadilisha hali ya wengi.

Sheria na usingizi wa majirani

Uuzaji wa vileo nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayoweka leseni na saa za kuuza. Kwa baa za kawaida siku za kazi, saa hizo ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husimamia shughuli za sanaa na burudani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuajiriwa kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali zilizofungashwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, kwa sababu bei yake ndogo iliwafikia hata wanafunzi.

Mgogoro wa kila siku zaidi ni wa kelele. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinaweka kiwango cha sauti cha usiku kuwa chini kuliko cha mchana. Wakati wa ngoma za mbalamwezi kijiji kizima kilikuwa uwanjani, na asiyekuwepo alijua sababu ya kelele na siku itakapokwisha. Mjini spika moja huwafikia mamia ya watu wasiohusika: wagonjwa, watoto wachanga, na wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani. Malalamiko hayo huelekezwa kwa baa na pia kwa nyumba za ibada.

Ulinganisho na nchi jirani

Umuhimu wa ruhusa ulionekana wakati wa janga la UVIKO-19. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Nchini Uganda baa zilifungwa kwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Tanzania haikuweka amri ya kutotoka nje, na baa za Mbeya na Iringa ziliendelea kufunguliwa. Katika nchi zote tatu kulikuwa na umeme na kulikuwa na watu waliotaka kutoka. Tofauti ilikuwa uamuzi wa serikali.

Katika Nyanda za Juu za Kusini maumbo ya zamani hayajatoweka. Kilabu cha ulanzi bado hujaa msimu wa mvua, mirija ya kimpumu bado huzunguka chungu kimoja, na umbali mfupi kutoka hapo spika za baa hupiga muziki wa wiki hii. Mtu mmoja aweza kupita katika vyote kwa jioni moja, akamalizia kwa bakuli la supu alfajiri. Mpika supu huyo amewasha moto tangu saa tisa za usiku.